Kengele ya Saa Nane

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa nane kasoro dakika kumi mchana. Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mtaa wetu wa Chanji tangu asubuhi, wingu limekaa chini, na baridi ilikuwa ile ya Ufipa ambayo humfanya mtu avae koti la sufu mwezi wa Machi bila kuona haya.

Nilikuwa nimesimama barazani na barua mfukoni, nikisubiri wageni.

Aliyesoma simulizi zangu za majuma yaliyopita anajua nilivyofika hapo. Anajua mahindi yangu ya Mpui yalivyooza shambani, na jinsi mimi, Sebastiani, mwalimu mstaafu, mtoto wa shule ya bweni niliyeapa kutomnyooshea mtu mkono wa kuomba, nilivyoigeuza sebule yangu kuwa mahali pa kutunzia watoto wa watu mchana, mimi na mke wangu Monika.

Anajua pia masika ya mwaka juzi, utumbo wa Monika ulipopasuka na barabara ikawa haina gari. Lukmani, mwenye duka la jumla na Fuso moja, alishusha magunia ya sukari kwenye mvua ili mgonjwa apate pa kulala, akaendesha mwenyewe hadi Mbeya. Sukari iliyeyuka. Mke wangu alipona.

Nilipomuuliza ananidai nini, alicheka. "Mwalimu, uhai hauna risiti. Nina binti, Munira, anatusumbua dukani. Nilelee huyo, tusidaiane."

Nilimwandikia mkataba kama wazazi wengine, kwamba mtoto nitampokea na kumkabidhi mkono kwa mkono, nikamlea miaka miwili. Ambalo sijaliandika mpaka leo ni la Jumanne.

Naliandika sasa, kwa sababu mtu aliyelelewa kwa kengele hawezi kulala na uongo kitandani mwake.

Kengele yenyewe ni ya mkono, ya shaba, yenye mpini wa mti. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa mpiga kengele wa shule nzima. Miaka mingi baadaye, shule ilipofungiwa kengele ya umeme, niliiomba ile ya zamani nikapewa, nikaileta nyumbani kama mtu aletavyo kombe.

Saa nane kamili napiga kengele ya kimya. Saa tisa kamili napiga ya kuamka. Kati ya hizo mbili hakuna neno wala hatua. "Kengele ya kimya ikikukuta, hapo ulipo ndipo kitanda chako." Ndivyo tulivyofundishwa bwenini, na ndivyo nilivyowafundisha watoto sita wasiozidi miaka mitano.

Nikaongeza sheria moja ya kwangu. Bwenini kulikuwa na wajanja waliotangaza kuamka kabla ya wakati, wenzao wakainuka, wakaadhibiwa. Kwa hiyo niliwaambia watoto, "Msiamini mdomo wa mtu. Hata wangu. Aminini kengele."

Wazazi walinisifu. Kulsumu, mama yake Munira, alikuwa akiwaambia wateja dukani, "Mpelekeni kwa Mwalimu, atarudi askari." Nami nilivimba kichwa.

Jumanne, tarehe 11, Monika alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya. Nilipiga kengele ya kimya, kisha nikahesabu mikeka. Mitano ilikuwa na watoto. Wa sita, wa Munira, ulikuwa na kanga tu.

Nilimwita kwa upole. Nikamwita kwa ukali. Nikatazama uvunguni, chooni, nyuma ya banda la kuku.

Kisha nikakumbuka shimo.

Jirani yangu Mathias alikuwa amechimba shimo la choo kabla ya mvua, akaenda Mpui kupalilia, akaliacha wazi. Mvua zililijaza maji. Kati ya uwanja wangu na lile shimo kuna uzio wa matete, na uzio ule una pengo ambalo mtu mzima hapiti. Mtoto wa miaka minne anapita.

Nilichukua mti wa kuangulia mapera, nikazunguka, nikaanza kulipapasa lile shimo. Kila mti ulipogusa kitu laini, niliuinua kuitazama ncha yake. Mara tatu ulikuwa umegusa tope.

"Munira! Munira, mjukuu wangu! Kimya kimekwisha, toka!"

Hakuna aliyejibu. Nilirudi ndani mbio. Watoto watano walikuwa wamelala macho wazi wakinitazama.

"Nani amemwona Munira?"

Walinitazama tu. Mmoja alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Saa tisa ilipita. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisahau kengele. Nilikuwa shimoni tena, nimelowa hadi magoti, nikisali Salamu Maria na kuikosea katikati.

Saa tisa na dakika ishirini nilimsikia Monika akiingia. "Baba Victor! Leo saa imekufa?" Akaichukua kengele mezani, akaipiga kwa nguvu.

Nyuma ya nyumba, hatua nane kutoka kwenye pengo la uzio, kuna kihenge changu, kitupu tangu mahindi ya Mpui yaoze. Kwenye tundu la chini la kihenge kile kilitokeza kichwa chenye vumbi.

"Babu," Munira akasema, "kengele imechelewa."

Nilipiga magoti kwenye tope. "Hukunisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

"Niliitika kimoyomoyo."

Monika alisikia yote. Hakunipigia kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alimfuta mtoto vumbi, akamvalisha sweta, akaniambia, "Waambie wazazi wake leo hii hii."

Jioni Kulsumu alikuja. "Shikamoo, Mwalimu. Ameshindaje huyu?"

"Marahaba. Ameshinda vyema."

Ndivyo nilivyomjibu. Mimi niliyewahi kumfukuza mwanafunzi shule kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumatano niliziba tundu la kihenge kwa mbao. Nikaenda kwa Mathias, nikafunika shimo lake kwa mabati mawili, juu ya kila bati jiwe. Lakini hofu haikufunikika. Nilikuwa nikila nahesabu watoto. Nikisali nahesabu watoto. Alhamisi nilihesabu sita, nikaanza kumtafuta wa saba asiyekuwepo.

Mtunzaji anayeogopa hafai kutunza. Nikaandika notisi.

"Kwa mujibu wa kifungu cha saba cha mkataba wetu wa malezi ya mchana," niliandika kwa mwandiko ule ule niliochapiwa viboko bwenini hadi ukanyooka, "ninawapa notisi ya siku thelathini ya kusitisha mkataba huo, kuanzia leo. Sababu ni umri wangu na afya."

Monika aliisoma, akaiweka mezani. "Baba Victor, wewe ukifika mbinguni utamwandikia Mungu notisi na kumwekea kifungu."

"Mkataba unataka maandishi."

"Na sababu uliyoandika, mkataba umeitaka iwe ya uongo?"

Niliikunja barua mara tatu.

Basi Jumamosi ile nilikuwa barazani, saa nane kasoro dakika tano, bajaji iliposimama getini. Lukmani alishuka kwanza, katoka msikitini, kanzu na koti juu yake. Kulsumu alimfuata na mwavuli.

Watoto walikuwa bado hawajatulia. Nilisikia vicheko sebuleni na nyuma ya nyumba. Nilitaka kimya ili nisome barua yangu kwa heshima. Nikaichukua kengele, nikaipiga, dakika tano kabla ya wakati.

Tangu Jumanne nilikuwa nahesabu kwanza ndipo napiga. Siku ile nilipiga tu.

Vicheko vilikatika kama vimefyekwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni, karibuni."

Monika aliinuka kwenda jikoni, Kulsumu akamshika mkono. "Usihangaike na chai, mama. Tumefunga."

"Hata sisi tumefunga, mwanangu. Kwaresima. Mwaka huu nyumba zote mbili zina njaa; Mungu mwenyewe achague aanze kumsikiliza nani."

Walicheka wote watatu. Lukmani akakaa, akanyoosha miguu. "Mwalimu, umetuita kama wanafunzi watoro. Haya, soma mashtaka."

Nilisimama nikasoma, kwa sababu mkataba wangu unasema notisi itasomwa kwa sauti mbele ya pande zote. Nilipofika kwenye neno notisi, kicheko cha Lukmani kilibaki usoni bila mwenyewe.

"Mimi?" akauliza. "Mimi ndiye unanipa notisi?"

"Kifungu cha saba kinampa kila upande haki ya..."

"Achana na kifungu. Huyu mama aliyekaa hapa, nani alimfikisha Mbeya?"

"Wewe."

"Nilikuomba nini?"

"Nimlee Munira."

"Mpaka lini? Tulisema mpaka lini?"

"Hatukusema."

"Basi!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Mtu mwenye deni hatoi notisi, Mwalimu. Hata sisi wa dukani tusiosoma bweni tunalijua hilo."

Kulsumu aliinua mkono kumtuliza. Alikuwa akinitazama mimi, si barua. "Mwalimu, kuna mtu kakusema? Kuna mzazi hapendi mtoto wetu achanganyike na wake? Sema tu, hatutakasirika."

"Hapana, binti yangu. Ni umri. Na afya."

"Afya." Alilirudia neno lile kama anayeonja maziwa yaliyolala. "Jumatatu nilikukuta juu ya paa unapigilia misumari, unaimba Kilatini. Afya gani imeharibika kwa siku tano?"

Niliikunja tena barua mara tatu, nikaiweka mezani.

"Baba Victor," Monika akasema. "Sema wewe, au nitasema mimi. Na mimi nikisema, sitakusitiri."

Nikasema.

Niliwaambia yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama tulivyokuwa tukiungama makosa mbele ya mkuu wa nidhamu. Mkeka mtupu, mti wa mapera, shimo, saa nzima na dakika ishirini, kihenge. Niliwaambia kwamba mtoto alikuwa akinisikia wakati wote.

Lukmani alifunika uso kwa mikono.

Kulsumu hakulia. Alinong'ona. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?" mumewe akauliza.

"Tangu Jumanne haitiki. Namwita chumbani, kimya. Namwita uani, kimya, nikimfuata namkuta kasimama ananitazama. Jana nilimchapa. Nilimchapa, Lukmani! Akaniambia, 'Mama, kengele.' Nikadhani ni mchezo wa watoto." Akasimama. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Hiyo kengele! Iko wapi?"

Ilikuwa juu ya meza, karibu na barua. Aliiona kabla sijaifikia. Aliinyakua, ikalia mara moja kwa kunyakuliwa, kisha ulimi wa kengele ukanyamaza ndani ya ngumi yake.

"Hii ndiyo imemfunga mwanangu mdomo?"

"Binti yangu, nipe, ni ya..."

Alitoka nayo hadi uani. Aliirusha kwa mkono wa mtu aliyezoea kutupa magunia matupu juu ya Fuso. Kengele iliruka juu ya uzio wa matete, ikaangukia kwa Mathias.

Nilijua itaangukia wapi. Nilisubiri kusikia shaba ikigonga bati.

Nilisikia maji.

Wao hawakuelewa kwa nini nilikimbia. Niliupasua uzio kwa bega, nikafika. Bati moja lilikuwa mahali pake, na jiwe lake juu. La pili lilikuwa limesogezwa kando, jiwe limebiringika hadi kwenye majani. Huenda ni upepo wa usiku. Huenda si upepo. Maji meusi yalikuwa bado yakichora duara pale kengele ilipozama.

"Mama Victor!" niliita, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Hesabu mikeka!"

Nilisikia hatua zake ndani ya nyumba. Nikamsikia akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Hakutamka sita.

Kulsumu alielewa kabla ya mumewe. Alipiga ukelele mmoja wa jina la bintiye, ukelele ambao ungemwamsha maiti, na baada yake uwanja mzima ulikuwa kimya, manyunyu tu juu ya migomba.

"Munira! Ni mama! Njoo kwa mama!"

Kimya.

Lukmani alikwishang'oa mbao za kihenge kwa mikono, akaingiza kichwa na mabega. Alitoka na utando wa buibui kwenye kofia. "Hayumo." Alinijia, akanishika ukosi wa koti. "Mwambie kimya kimekwisha. Wewe ndiye uliyemfundisha. Mwambie!"

Niliita. "Munira, kimya kimekwisha! Babu anasema kimya kimekwisha!"

Kimya.

"Mbona hatoki?"

"Nilimfundisha asiamini mdomo wangu," nikasema.

Aliniachia kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Monika alikuja na sufuria na mwiko, akagonga hadi mwiko ukavunjika. Lukmani alipiga jembe kwa nyundo. Mlangoni pa sebule walikuwa wamesimama watoto watano, ambao kwa kosa la kusimama tu walikuwa wakitetemeka, na Kulsumu alikuwa amewapigia magoti mmoja mmoja. "Mwanangu, umemwona Munira? Alikuwa wapi kengele ilipolia? Niambie tu, nitakupa biskuti." Hakuna aliyemjibu. Mmoja alimnyooshea kidole Monika. Wa pili alinyooshea mvua.

Kama yuko mahali pakavu, amejibanza anasubiri kengele. Kama hayuko pakavu, hahitaji kengele. Hizo ndizo habari mbili zilizokuwepo, na njia ya kuijua moja na nyingine ilikuwa ile ile: kushuka shimoni kulikozama kengele.

Lukmani alianza kuvua kanzu.

"Hapana," nikasema. "Mimi. Mkono uliompokea ni wangu."

Nilivua koti na viatu, nikaviweka pamoja sawasawa pembeni, kwa mazoea. Nikashuka nikiushikilia ule mti wa kuangulia mapera. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba pumzi ilikataa kuingia. Yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Chini kulikuwa na tope, na tope lile lilikuwa laini kila mahali, na kwa kila ulaini nilioukanyaga nilikufa kidogo.

Nilipapasa kwa miguu upande wa kushoto. Tope. Jiwe. Kipande cha mti. Tope.

Kisha kitu cha duara, kigumu.

Nilivuta pumzi, nikazama, nikaibuka nacho. Ilikuwa kengele. Kulsumu, pale ukingoni, alijishika kifua. Monika alianza kusali kwa sauti.

Niliinua mkono juu ya maji, nikaipiga kama nilivyoipiga mara elfu, kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Haikulia.

Niligeuza mdomo wake juu. Ndani mlikuwa na tope, na pale ulipokuwa ulimi palikuwa na kitanzi cha waya kilichofunguka. Ulimi ulikuwa umebaki chini, mahali fulani katika nusu ya shimo ambayo miguu yangu haikuwa imeifikia.

Nilitazama juu. Lukmani alikuwa amechutama ukingoni, mvua ikimtiririka kwenye ndevu. Mkononi alikuwa na barua yangu, imekunjwa mara tatu. Nilidhani angepiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga duka.

"Mwalimu. Deni la mama nililisamehe Mbeya, siku ile ile, kabla hata hujaniuliza. Nilikuwa nakutania tu hapo barazani." Alimeza mate. "Hili silisamehe."

Aliiachia notisi. Ilianguka majini mbele ya kifua changu, wino ukaanza kuachana na karatasi.

"Na hii siipokei. Utaacha kazi siku utakayonikabidhi mtoto wangu, mkono kwa mkono, kama ulivyoandika mwenyewe. Sasa tafuta upande wa pili."